Mkarafuu wa kwenye kopo

Wiki iliyopita bi mkubwa mmoja wa Mtambwe alikuja kitaluni kwangu, hapa Wete, na kopo la rangi kichwani. Ndani yake mna mti unaonifika gotini. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akalitua kopo, akaanza hata kabla ya kukaa: "Mwanangu, huu mkarafuu una mwaka wa nne. Naumwagilia, nautia samadi, naona majani tu. Umerogwa nini?"

Mkarafuu wa mbegu huchukua miaka sita, hata minane, ndipo utoe karafuu za mwanzo, tena uwe ardhini. Lakini hilo sikulisema, maana nilikuwa nimeshautupia jicho ule mti, na haukuwa mkarafuu.

Nilipomwambia, hakunijibu. Alichuma jani, akalifikicha, akanisogezea puani. Karafuu tupu! "Haya, nambie sasa."

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Harufu ile ya karafuu inatokana na mafuta yanayoitwa eujenoli, na mkarafuu haukuyahodhi peke yake. Jani la mdalasini nalo limejaa mafuta hayo hayo. Watembeza wageni kwenye mashamba ya viungo kule Kizimbani wanalijua vizuri: humpa mgeni jani la mdalasini anuse, wakamwacha ajiumize kichwa.

Na miti hii miwili mengi yake yanafanana. Yote hutoa majani mawili mawili yanayotazamana kwenye kifundo, ingawa ya mdalasini mara nyingine hupishana kidogo. Yote huchipua majani mekundu mekundu. Kwa hiyo anayenitumia WhatsApp picha ya jani moja limelazwa mezani, likiwa limepigwa kwa juu na mwanga mbaya, ananipa kazi ya mganga. Nitumie kitawi chenye vifundo viwili au vitatu, na jani nilione mgongo na tumbo.

Tulipofika kwenye mishipa ya jani, maneno yakaisha. Nilikata jani la mkarafuu kwenye miche yangu, nikayaweka yote mawili kwenye kiganja cha bi mkubwa. La mkarafuu lina mshipa mmoja wa kati, na kutoka hapo vishipa vyembamba vingi vinakwenda pembeni, vimebanana kama miba ya samaki. Ukiliinua juani unaona vitone vidogo vidogo vya mafuta. La kwake lilikuwa na mishipa mitatu minene inayoanza karibu na kikonyo na kupanda pamoja kuelekea nchani. Alipitisha ukucha juu yake, mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akanyamaza.

Nikakwangua gamba la shina kidogo kwa kisu. Mdalasini, ule wa chai. Chini ya kopo mzizi ulikuwa umeshatafuta njia kwenye tundu la maji. Nao nikaukwangua, nikampa. "Kafuri!" akasema, akacheka mwenyewe. Ndivyo ulivyo mdalasini: jani karafuu, gamba mdalasini, mzizi kafuri. Pua peke yake ikikupeleka, inategemea umeanza kunusa wapi.

Neno moja kwa anayetaka kujaribu nyumbani. Kabla ya kufikicha jani la mti usioujua, vunja ncha yake utazame. Ukitoka utomvu mweupe kama maziwa, usinuse, usionje, nawa mikono. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni hutausahau.

"Kwa hiyo sina karafuu?" aliniuliza.

"Huna, bi mkubwa. Una mdalasini, na hapo koponi umeufunga miguu." Nilimwambia autoe, auchimbie shimo mahali maji hayatuami. Shina likifika unene wa kidole gumba alikate karibu na ardhi. Litachipua matawi kadhaa yaliyonyooka, na gamba zuri ndilo hilo la matawi machanga. Miaka miwili mitatu tangu upandwe ardhini yatosha kuvuna.

Alimlaani kidogo mchuuzi aliyemuuzia. Mimi nadhani hata yule mchuuzi alinusa tu. Kisha akaniuliza kama ninayo mikarafuu ya kweli. Nikampa miche miwili, na kila mmoja aliugeuza jani lake juani kwanza kabla ya kuutia kikapuni.