Mstari hafifu si "malaria kidogo"

Swali ni lilelile kila wiki: mstari wa kipimo cha haraka cha malaria ukitokea kwa kufifia, si ni malaria inayoanza tu, au pengine hakuna kitu? Hapana. Mstari ukionekana ndani ya muda wa kusoma, hata uwe mfano wa kivuli, jibu ni chanya.

Wekundu wa mstari ule ni dhahabu. Ndani ya kaseti, kile kikasha cha plastiki cha kipimo, zimekaushwa chembe za dhahabu, aghalabu za nanomita 20 hadi 40, zilizovishwa kingamwili, protini zinazonasa kitu maalumu. Kwa udogo huo dhahabu haing'ai manjano. Hunyonya mwanga wa kijani, jicho likaona nyekundu. Chembe zikishikamana, rangi hugeuka zambarau na mstari hudhoofika. Unyevu pia huharibu kipimo, ndiyo maana pakiti hufunguliwa papo kwa papo. Kifuko cha kukausha unyevu kikiwa kimebadilika rangi, tupa kipimo.

Damu mikrolita 5, kisha bafa, kile kimiminika cha kipimo, kwa idadi ya matone iliyoandikwa. Bafa huzibeba chembe kwenye utando wa nitroselulosi, ule ukanda ambao mistari hutokea. Protini ya kimelea cha malaria aina ya falciparum, iitwayo HRP2, hushikwa na dhahabu upande mmoja na kingamwili ya mstari upande wa pili. Dhahabu inanasa hapo, mstari unatokea.

Sasa vimelea viwe vingi kupita kiasi. HRP2 inafurika: inaijaza dhahabu, inaujaza mstari, kila upande umeshashiba peke yake, hakuna kinachobaki cha kuunganisha. Dhahabu inapita tu. Hivyo mgonjwa mahututi anaweza kutoa mstari hafifu kuliko anayetembea kwa miguu yake! Na aliyekwisha kutibiwa na kupona anaweza kutoa mstari kwa wiki kadhaa, kwa sababu HRP2 hubaki kwenye damu baada ya vimelea kufa. Ukipima uzito wa ugonjwa kwa ukolezi wa rangi, utamrudisha nyumbani mtu asiyepaswa kurudi.

Linaloniudhi zaidi ni mstari wa udhibiti, ule mwingine unaopaswa kutokea hata jibu likiwa hasi. "Umetokea, basi kipimo ni sahihi." Unathibitisha kwamba bafa imefika na dhahabu bado inashika, basi. Kwenye vipimo hivi vya malaria, weka bafa tupu bila tone la damu, nao utatokea. Haukuambii kama damu ilitosha.

Soma kwa dakika zilizoandikwa, 15 au 20. Kaseti iliyoachwa mezani saa nzima haisomwi. Utando ukikauka huweza kuchora mstari wa uongo.

Hata ukifuata yote, wasomaji wawili makini hutofautiana juu ya mstari mmoja hafifu, na mafunzo hayajaondoa tofauti hiyo. Tena vipo vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, ambavyo kwa kipimo hiki vinaweza visichore chochote. WHO inashauri kubadili aina ya kipimo pale majibu hasi ya uongo kutokana na upotevu huo yanapozidi asilimia 5 ya wagonjwa wa falciparum wenye dalili. Mgonjwa mwenye homa na jibu hasi lisiloendana na hali yake, peleka damu yake kwenye hadubini.