Maana ya supachaja: injini moja, gari la mtaani na pikapu

Kwenye buti la Mercedes-Benz C180 ya miaka ya 2000, gari ambalo si geni katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam, aghalabu huwa pamebandikwa neno Kompressor kwa herufi za rangi ya fedha. Wako wanaolichukulia kuwa pambo au jina la toleo. Neno hilo ni la Kijerumani, nalo linataja kifaa kilichofungwa kwenye injini, yaani supachaja: pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe ili kuilisha injini hiyo hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta bila msaada.

Ili kuelewa kwa nini hewa ipewe umuhimu huo wote, ni vyema kukumbuka kwamba petroli haiungui peke yake. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue yote, na kuongeza mafuta ni kazi nyepesi, ilhali kuongeza hewa ndiko kunakosumbua, kwa sababu pistoni inaposhuka ndani ya silinda huingiza tu kile ambacho presha ya anga inaweza kukisukuma. Presha hiyo, pale Mombasa kwenye usawa wa bahari, ni takriban paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba, kipimo kilekile ambacho fundi wa pancha hukisoma anapojaza upepo. Nairobi, iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,600, hupungukiwa na karibu moja ya tano ya presha hiyo, na ndiyo maana gari lisilo na msaada wowote wa hewa huonekana limelegea kidogo huko bara kuliko pwani. Supachaja huongeza presha juu ya ile ya anga. Ikiongeza paundi 11 hivi, silinda ileile hupata hewa nyingi zaidi kwa kila mzunguko, mafuta huongezwa kwa kiasi kinacholingana nayo, na injini ya ukubwa wa kawaida hutoa nguvu ya injini kubwa zaidi.

Kifaa chenyewe ni cha zamani kuliko gari. Ndugu wawili wa Connersville, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya kipulizia hewa chao mwaka 1860, na vipulizia vya aina hiyo vilitumika kupeleka hewa kwenye tanuri za kuyeyushia chuma muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria kukifunga juu ya injini ya gari. Mercedes ilionyesha magari yake ya kwanza ya kuuzwa yenye supachaja mjini Berlin mwaka 1921. Siku hizi zipo supachaja za miundo kadhaa. Muundo unaotuhusu hapa una skrubu mbili nene zinazozunguka zikiwa zimeshikana kama meno ya gia, zikiikamata hewa upande mmoja na kuibana hadi itokee upande wa pili.

Tofauti yake na tabo, ambayo wasomaji wengi wanaifahamu vizuri zaidi, iko kwenye chanzo cha mzunguko. Tabo huzungushwa na moshi unaokimbilia kwenye ekzosi, kwa hiyo husubiri moshi uwe mwingi kabla ya kuamka. Supachaja huvutwa na mkanda uliounganishwa na krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, hivyo dereva akikanyaga mafuta presha hupanda papo hapo, hata injini ikiwa bado inazunguka polepole. Faida hiyo hulipiwa. Mkanda huo huiibia injini sehemu ya nguvu zake, na katika injini tutakayoitazama, kuizungusha supachaja peke yake huhitaji takriban nguvu farasi 80 mwendo unapofika juu kabisa. Kuna magari mazima ya familia ambayo hayazalishi kiasi hicho. Hewa iliyobanwa pia hupata joto, na hewa ya moto huweza kuifanya injini igonge, yaani mafuta yaungue kabla ya wakati wake, kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye intakula, kipoza hewa ambacho chenyewe hupozwa kwa maji.

Injini hiyo ni V8 ya lita 6.2 iliyotoka Marekani, na ni mfano mzuri kuliko yote ninayoijua kwa sababu kampuni iliyoitengeneza iliifunga katika miili miwili isiyofanana hata kidogo. Mwaka wa toleo 2015 iliwekwa katika Dodge Challenger SRT Hellcat, gari la milango miwili la kutembelea barabarani, ikiwa na nguvu farasi 707. Kwa toleo la 2021 ikawekwa katika pikapu ya Ram 1500 TRX, ikiwa na nguvu farasi 702. Supachaja zote mbili ni za lita 2.4, maana yake zinasukuma takriban kiasi hicho cha hewa kila skrubu zinapozunguka mara moja, na katika Hellcat skrubu hizo hufikia mizunguko 14,600 kwa dakika, ambayo ndiyo asili ya ule mlio mwembamba wa kama filimbi unaosikika juu ya ngurumo ya injini. Mtu akisoma nguvu farasi peke yake atasema kwamba vyombo hivi viwili vikishindanishwa vitafika pamoja.

Havifiki pamoja, na sababu ya kwanza ni uzito. Hellcat ina takriban kilo 2,000, TRX ina karibu kilo 2,900. Kila nguvu farasi ya gari husukuma chini kidogo ya kilo tatu, ya pikapu husukuma zaidi ya kilo nne. Sababu ya pili ni hewa ileile tuliyokuwa tunaitafuta, ambayo sasa inageuka kuwa kizuizi: ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa mwendo, na uso wa pikapu, ulio mrefu na wima, ukiwa umeinuliwa juu ya matairi ya inchi 35, hukutana na hewa nyingi sana. Kiwanda chenyewe kiliiwekea TRX ukomo wa kilomita 190 kwa saa, ilhali Hellcat huweza kukaribia kilomita 320.

Takwimu zilizotangazwa na watengenezaji kwa robo maili, yaani mita 402, zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Hellcat ilipewa sekunde 11.2, ikivuka mstari kwa karibu kilomita 201 kwa saa. TRX ilipewa sekunde 12.9, ikivuka kwa karibu kilomita 174. Ukipiga hesabu, gari linapomaliza, pikapu huwa bado iko nyuma kwa takriban mita 80. Hapa inafaa kuongeza jambo ambalo watazamaji wengi hulichanganya: katika mbio rasmi za aina hii saa ya kila gari huanza pale gari lenyewe linapoondoka, wala si taa ya kijani inapowaka, hivyo dereva aliyesinzia kwenye taa anaweza kuandikiwa muda mzuri zaidi na bado akashindwa.

Lakini muda huo wa sekunde 11.2 ulipatikana kwenye uwanja wa mbio, ambako lami huandaliwa ili inate. Kwenye barabara ya kawaida, yenye vumbi au unyevu kidogo, mita za mwanzo husimulia habari tofauti, na hapa ndipo sifa ya supachaja inapogeuka kuwa mzigo. Hellcat huendeshwa na matairi mawili ya nyuma, na zaidi ya nusu ya uzito wake uko mbele, juu ya matairi yasiyosukuma chochote. Dereva akikanyaga mafuta, msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha matairi, hufika wote mara moja, kabla uzito haujahamia nyuma vya kutosha. Matairi huzunguka mahali pamoja, moshi unapanda, gari linayumba mkia, na kompyuta inalazimika kuizuia injini. TRX hugawa msokoto huohuo kwa matairi yote manne, na kilo zake 2,900, zile zile zitakazoigharimu baadaye, zote zinagandamiza matairi yanayofanya kazi. Huinua pua na kuondoka bila kelele za mpira. Pikapu iliyotengenezwa kwa ajili ya mchanga, na ambayo kiwanda kinasema inaweza kuvuka maji ya kina cha sentimita 81, huonekana kulitangulia gari la lami kwenye lami. Uongozi huo hudumu hadi matairi ya Hellcat yatakaposhika. Kuanzia hapo uzito na hewa huanza kudai.

Kwa sababu hiyo wanaopenda kulinganisha injini badala ya matairi huanzisha mbio vyombo vikiwa tayari mwendoni, tuseme kilomita 80 kwa saa, sambamba. Msokoto unaofika kwenye tairi huwa umeshapungua kwa kuwa gia ni ya juu zaidi, mshiko si tatizo tena, na pikapu haina pa kujifichia.

Hellcat iliuzwa na funguo za rangi mbili. Mwekundu huiachia injini nguvu zote 707, mweusi huifungia kwenye 500. Kwenye barabara yenye utelezi, katika mita chache za kwanza, mtazamaji aliyesimama kando angepata taabu kutambua dereva ametumia ufunguo upi, kwa kuwa zile nguvu farasi 207 za ziada zingeishia kwenye moshi wa matairi.