Uzamivu wa tiba ya kuotesha tishu upya si wa madaktari tu

Wengi hudhani bila shahada ya udaktari wa binadamu huwezi kufanya utafiti wa uzamivu katika tiba hii. Si kweli, na inaniuma kuona wahitimu wa fizikia au uhandisi wakiacha kuomba nafasi. John Gurdon, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na daktari Shinya Yamanaka, alisomea zuolojia. Alihamishia kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi kwenye yai la chura, na yai likakua. Robert Langer, gwiji wa kuunda tishu, ni mhandisi wa kemikali. Maabara huhitaji zaidi uvumilivu: seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, hubadilishiwa lishe karibu kila siku, hata Jumapili, na ukungu kidogo tu huharibu kazi ya wiki nzima.