Kisa cha Kweli Juu ya Jalada: Wanachokosea Wasomaji wa Riwaya za Auschwitz

Majuzi msomaji wa maktaba ninayofanyia kazi alirudisha riwaya ya Heather Morris, The Tattooist of Auschwitz, akaniambia kwamba sasa anaijua historia ya Auschwitz, kambi ya mateso na mauaji ya Wanazi katika Poland waliyoikalia, na hahitaji kitabu kingine, maana jalada linasema hadithi inatokana na kisa cha kweli. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi hadi subira imenishinda.

Kinachotokana na kweli si kweli yenyewe. Lale Sokolov, Myahudi wa Slovakia aliyewachora wafungwa wenzake namba za kudumu mikononi, ni mtu aliyeishi, na vivyo hivyo Gita, aliyekuja kuwa mkewe. Lakini mazungumzo yao ni ya kutungwa, na baadhi ya matukio hayangewezekana kabisa. Mwaka 2018 mtafiti wa Makumbusho ya Auschwitz-Birkenau alionyesha kwamba riwaya ilimpa Gita namba 34902, ilhali mwenyewe, katika ushuhuda wake, alitaja 4562. Msomaji wangu alicheka, akauliza tarakimu zina uzito gani. Zina uzito mkubwa, kwa sababu namba zilitolewa kwa mfuatano, wanawake wakiwa na mfululizo wao ulioanza Machi 1942, hivyo namba ya mfungwa hueleza aliingia lini: aliyefika Aprili mwaka huo, kama Gita, hakuweza kupewa namba ya elfu thelathini na nne. Ndivyo ilivyo pia kwa penisilini anayotafutiwa Gita akiugua tifasi (homa inayoenezwa na chawa), dawa ambayo mfungwa wa Auschwitz hakuwa na njia ya kuipata. Wanaokana mauaji ya kimbari ya Wayahudi huyavizia makosa ya namna hiyo ili wadai kwamba yote ni uzushi.

Ndiyo maana kila anayeazima riwaya hizi kwangu, mimi humwambia aanze na maelezo ya mwandishi yaliyo mwishoni, kisha achukue na ushuhuda wa manusura. (Wapo wanaonitajia Shajara ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi: hiyo, tafadhali, si riwaya, na Anne hakunusurika, alifia kambi ya Bergen-Belsen mwaka 1945.)

Wengine huamini kwamba kila mfungwa wa Wanazi alichorwa namba. Ilifanyika Auschwitz na kambi zake ndogo tu, na hata huko waliopelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi hawakuandikishwa wala kuchorwa.

Ipo pia dhana, inayopaliliwa na riwaya nyingi, kwamba walionusurika walikuwa mashujaa kuliko wenzao au walipenda kwa moyo zaidi. Kati ya watu wapatao milioni 1.3 waliopelekwa Auschwitz, takriban milioni 1.1 walikufa, wengi wao siku ileile waliyofika, kabla ushujaa wao haujapata nafasi yoyote. Primo Levi, mwandishi Myahudi wa Italia aliyefungwa huko, alisalia kwa sababu Januari 1945, Wajerumani walipoihama kambi, alikuwa amelazwa kwa homa nyekundu, hivyo akaachwa nyuma. Rafiki yake Alberto, ambaye alikuwa mzima, aliondoka na walioandamanishwa kwenye theluji, asirudi tena.