Rangi bandia kwenye picha za sayari maana yake nini

Wengi wetu Neptuni tunayoijua ni ile ya bluu iliyokolea, imejaa kwenye vitabu na mabango ya shuleni, sasa mtu akisikia kwamba picha za vyombo vya anga huwa na rangi bandia anakimbilia kusema basi NASA wanatudanganya. Hapana jamani. Rangi bandia ni pale rangi za picha zimepangwa tofauti na vile jicho la mtu lingeona kama angekuwepo pale, na mara nyingi zinapangwa hivyo makusudi ili kitu kilichojificha kionekane.

Anza na kamera yenyewe. Kamera za vyombo vya anga kama Voyager au Cassini hazikupiga picha za rangi, zilipiga nyeusi na nyeupe tu, yaani kila pikseli (nukta ndogo ya picha) ni namba inayosema mwanga ulikuwa mwingi kiasi gani, basi. Mbele ya kamera kuna filta zinazobadilishwa, ya bluu inapitisha mwanga wa bluu peke yake, ya kijani vivyo hivyo, kwahiyo chombo kinapiga picha ileile mara kadhaa kwa filta tofauti, kinatuma namba Duniani, na huku ndo watu wanazipandanisha kwenye kompyuta mpaka ipatikane picha moja ya rangi. Voyager hata filta nyekundu haikuwa nayo, walitumia ya rangi ya chungwa, kwahiyo hata ile inayoitwa rangi halisi ina makadirio ndani yake.

Alafu kuna filta za mwanga ambao jicho halioni kabisa. Chombo cha Juno kinachozunguka Mshtarii, yaani Jupita, tangu Julai 2016 kina kamera inaitwa JunoCam, na mbali na nyekundu, kijani na bluu ina filta moja ya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 889, mwanga ambao gesi ya methani ya kule inaumeza. Mawingu na ukungu wa juu sana unang'aa kwenye picha hiyo kwa sababu mwanga wa jua unarudi kabla haujamezwa, ya chini yanabaki giza, kwahiyo hapo unapata kujua kipi kiko juu na kipi kiko chini. Mwanga huo hauna rangi tunayoijua sisi, lazima upewe moja, na kwangu mimi hiyo ni kazi ya kisayansi kabisa. Zuhura ndo usiseme, ramani za chombo cha Magellan zilipigwa kwa rada, ile rangi ya chungwa ilichaguliwa kufuatana na picha za vyombo vya Venera vya Wasovieti vilivyotua kule.

Turudi Neptuni. Voyager 2 ilipita pale Agosti 1989, na picha zake zikaongezewa kontrasti, yaani tofauti kati ya sehemu angavu na za giza, ili mawingu, mikanda na lile doa jeusi kubwa vionekane vizuri, na wanasayansi wa wakati ule walieleza wazi kwamba rangi imekolezwa. Tatizo picha ilisafiri maelezo yakabaki nyuma, na hili linaniuma kwa kweli maana watu wamekua na picha isiyo sahihi kichwani miaka na miaka. Januari 2024 Patrick Irwin wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walitumia vipimo vya darubini ya Hubble na ile kubwa ya Chile iitwayo VLT kurekebisha zile picha, wakaonyesha kwamba Neptuni ni bluu iliyopauka yenye kijani kidogo, karibu sawa na Uranus, imezidi ubluu kidogo tu.

Kwahiyo ukikutana na picha ya sayari tafuta maelezo ya pale ilipotolewa kwanza, huwa wanaandika filta zilizotumika na kama rangi imekolezwa. Na kama una kompyuta na bando, picha ghafi za JunoCam zinawekwa wazi bure, unapakua vipande vya kila filta unapandanisha mwenyewe, picha nyingi nzuri za Jupita tunazoziona zimetengenezwa hivyo na watu wa kawaida wasioajiriwa na NASA.