“Akiteswa Hatagi”: Dhana Potofu Kuhusu Sheria za Kulinda Mifugo

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Nilikuwa nimeketi mbele ya watu waliopewa kazi ya kupitia rasimu ya sheria ya ustawi wa mifugo. Mmoja wao, mtu msomi na mwenye busara zake, akafunga faili lake akasema: “Daktari, mfugaji gani mwenye akili atamtesa mnyama anayemlisha? Kuku akiteswa hatagi, ng'ombe akiteswa hatoi maziwa. Soko lenyewe linawalinda. Sheria ya nini?” Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Mimi ni daktari wa mifugo, na kwa miaka mingi sasa ninawasaidia watu wanaodai sheria hizi. Maneno hayo nimeyasikia kwa wafugaji, kwa wabunge, kwa waandishi wa habari na, linaloniuma zaidi, kwa madaktari wenzangu. Nimechoka kuyajibu kwa dakika mbili mlangoni watu wakiwa wanatoka. Leo nitayajibu kwa nafasi. Dhana nyingine nitazipitia kwa haraka, maana hazinikoseshi usingizi kama hii.

“Mnyama anayezalisha vizuri hana shida”

Nianze na kipande chake cha ukweli. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hupunguza maziwa. Kuku mwenye homa huacha kutaga. Mfugaji huiona hasara siku hiyo hiyo na kumpigia daktari simu. Kwa magonjwa ya ghafla, pesa na huruma huenda njia moja. Kosa ni kuuchukua ukweli huo mdogo na kuutandaza juu ya maisha yote ya mnyama.

Tazama kuku wa mayai. Kuku wa porini wa Asia, ambaye ndiye asili ya kuku tunaofuga, hutaga mayai 10 hadi 15 hivi kwa mwaka. Kuku wa kisasa wa mayai hupita 300. Ganda la kila yai hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu, na chakula kisipoimudu kasi hiyo, mwili huichota kwenye mifupa. Mwili haumngojei kuku awe na raha. Mbegu yake na taa ya banda vimeshaamua kwamba yai litatoka.

Niliwahi kumtoa kuku wa mwisho wa msimu kwenye kizimba cha waya. Nilimshika taratibu, kwa mikono miwili, na bado mfupa wa bawa ulivunjika kama kijiti kikavu. Nilipopitisha kidole kwenye mfupa wa kidari nilikuta vinundu viwili, mahali ulipovunjika zamani ukajiunga vibaya. Kwenye waya alipokuwa amesimama palikuwa na yai, bado lina joto. Daftari la banda lilionyesha kwamba utagaji ulikuwa mzuri, na halikuwa limeandikwa uongo.

Niseme na hili, maana najua litaulizwa: mifupa ya kidari huvunjika hata kwenye mabanda yasiyo na vizimba, kuku wanaporuka na kugonga fito za kulalia. Kuondoa vizimba hakumalizi kila kitu. Mbegu yenyewe ni sehemu ya tatizo, na ndiyo maana sheria nzuri haiishii kwenye banda.

Sasa kuku wa nyama. Watafiti wa Kanada walifuga pamoja mbegu ya mwaka 1957 na mbegu ya mwaka 2005, wakazilisha chakula kile kile. Siku ya 56, kuku wa mbegu ya zamani alikuwa na wastani wa gramu 905. Wa mbegu mpya alikuwa na gramu 4,202. Mwili umekimbia, miguu na moyo vimeachwa nyuma. Kuku anayechechemea anaendelea kunenepa kwa sababu chombo cha chakula kiko hatua mbili kutoka alipolala. Anachinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi, bado analia kwa sauti ya kifaranga, kabla miguu haijamwangusha kabisa. Kwenye hesabu hiyo hakuna mahali maumivu yake yanapoonekana.

Kuna mifano miwili ambayo naomba kila anayekwenda kuzungumza na wabunge aibebe kichwani. Wa kwanza ni wazazi wa hao kuku wa nyama. Wana mbegu ile ile ya kunenepa, kwa hiyo wakiachiwa wale washibe huwa wazito mno na uzazi wao huharibika. Dawa ya wazalishaji ni kuwapimia chakula kidogo sana, hasa wakiwa wanakua. Njaa yao ndiyo inayoleta mayai. Wa pili ni zoea lililokuwa la kawaida kwenye mashamba makubwa ya mayai: kuwanyima kuku chakula kwa siku kadhaa, wakati mwingine hata wiki mbili, mpaka manyoya yapukutike na mzunguko mpya wa kutaga uanze. Hapo mateso na faida vimepikwa chungu kimoja. Anayesema mnyama akiteswa hazalishi, aanze kwa kuniambia kuku hao tuwaweke fungu gani.

Nguruwe jike hubeba mimba siku 114. Kwenye vizimba vya chuma vya nguruwe wenye mimba, upana ni kama sentimita 60 na urefu kama mita 2. Hawezi kugeuka. Niliwahi kusimama mbele ya safu ya vizimba hivyo, vyuma vyote vikiwa na kutu isipokuwa kile kimoja kilicho usawa wa mdomo. Hicho kiling'aa kama kijiko, kwa kutafunwa mchana na usiku. Na nguruwe hao walikuwa wakizaa vizuri.

Kiini cha jambo ni hesabu. Faida ya ufugaji mkubwa huhesabiwa kwa banda, haihesabiwi kwa mnyama mmoja mmoja. Kwa mfano tu: weka kuku 100 ndani ya banda, kila mmoja atage mayai 300, utapata mayai 30,000. Wabane wawe 130 mahali pale pale. Kila mmoja ashuke hadi mayai 270, na watano wafe mapema bila kutaga hata moja. Utapata 33,750. Chakula kimeongezeka, ndiyo, lakini jengo, taa na mshahara wa mlinzi ni vile vile. Kila kuku amepata hasara, banda limepata faida. Soko halimlindi mnyama huyo hata kidogo. Linamlipa anayembana.

Mfugaji huyo si lazima awe mtu mbaya. Wengi ninaowajua wangependa kuwapa wanyama wao nafasi, ila jirani akibana na yeye asibane, mwaka hauishi amefunga mlango. Ndiyo kazi ya sheria: inamfunga kila mtu siku moja, kwa kipimo kimoja, ili mwenye roho nzuri asifilisike kwa sababu ya roho yake.

Na hoja hii ina mvi. Uingereza ilitikiswa mwaka 1964 na maandishi ya Ruth Harrison kuhusu ufugaji wa viwandani, serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Brambell. Kamati ilisikia maneno haya haya kwamba uzalishaji ndio kipimo cha hali ya mnyama, na haikukubali uwe kipimo pekee. Ripoti yake ya 1965 ilitaka mnyama walau aweze kugeuka, kujisafisha, kusimama, kulala na kunyoosha viungo bila taabu. Hayo yameandikwa zaidi ya nusu karne iliyopita. Kinachonikera ni kukuta mtu analeta hoja hii kikaoni kana kwamba ameigundua asubuhi hiyo.

“Sheria tayari zipo”

Zipo. Uingereza ilianza mwaka 1822 kwa ng'ombe, farasi na kondoo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Lakini fungua vifungu usome. Sheria nyingi za zamani hukataza mateso “yasiyo ya lazima”, kisha kilicho cha lazima kinapimwa kwa mazoea ya wenye kazi. Hivyo jambo likishafanywa na wote, linakoma kuitwa ukatili. Tena angalia nani ameachwa nje. Sheria ya Marekani ya 1958 kuhusu uchinjaji wenye huruma haimtazami kuku, na kuku ndio wengi kupita wanyama wote wa nchi kavu wanaochinjwa huko.

“Hawa wanataka watu waache kula nyama”

Wapo wanaotaka hivyo, na ni haki yao. Mswada wa vipimo vya mabanda hausemi hivyo. Usome.

“Bei itapanda, na nyama ya nje itatuua”

Bei inaweza kupanda. Msiende kikaoni kulikana hilo, mtashikwa na uongo na mtapoteza hata pale mlipo na haki. Semeni ni kiasi gani, kwa bidhaa gani, na wafugaji wapewe miaka mingapi ya kubadilisha mabanda.

Kuhusu bidhaa za nje, njia ipo. Wapiga kura wa California walipitisha mwaka 2018 pendekezo namba 12, linalotaka nguruwe mzazi awe na nafasi ya futi za mraba 24, karibu mita za mraba 2.2. Sharti hilo linaihusu nyama inayouzwa California hata kama nguruwe alifugwa jimbo jingine. Wenye biashara walishtaki hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 2023 wakashindwa. Anayeuza anafuata kipimo cha pale anapouza.

“Picha ya kutisha ndiyo inayoleta sheria”

Hii ni ya upande wetu, kwa hiyo naisema kwa upole kidogo. Picha humfanya mtu ainue kichwa. Haimwambii aandike nini kwenye kifungu. Nimeona wabunge wakilengwa na machozi mbele ya video, kisha wakapitisha maneno “nafasi ya kutosha”, ambayo hakuna mkaguzi duniani anayeweza kuyatumia mahakamani.

Nendeni na futi kamba. Mimi huenda pia na karatasi ya A4. Kipimo cha chini cha kizimba cha kuku wa mayai katika Umoja wa Ulaya, kabla ya vizimba hivyo kupigwa marufuku, kilikuwa sentimita za mraba 550 kwa kila kuku. Karatasi ya A4 ina karibu 624. Naiweka mezani, naomba kila mmoja aifikirie kuwa ni nyumba ya kuku kwa zaidi ya mwaka, na kwamba bado imezidi kipimo cha sheria ya wakati ule. Halafu nanyamaza. Hakuna video iliyowahi kunifanyia kazi kama karatasi hiyo.

Uswidi ilipata sheria yake mpya mwaka 1988 baada ya mwandishi Astrid Lindgren kushirikiana tangu 1985 na daktari wa mifugo, Kristina Forslund, kuandika magazetini. Mmoja alijua kugusa moyo, mwingine alijua kinachotokea ndani ya banda. Kampeni yenye mmoja tu kati yao hukwama.

“Ikishapita, tumeshinda”

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 1999 kwamba vizimba vya zamani viishe kufikia tarehe 1 Januari 2012. Wafugaji walipewa zaidi ya miaka 12. Siku ilipofika, nchi wanachama 13 hazikuwa tayari, na mwezi huo huo Tume ya Ulaya ikazifungulia hatua za kisheria. Na kilichokatazwa ni kizimba kitupu tu. Vyenye fito na kiota, sentimita za mraba 750 kwa kuku, viliruhusiwa kubaki. Wananchi wapatao milioni 1.4 wakaweka saini kutaka vizimba vyote viondoke. Mwaka 2021 Tume iliahidi kuleta pendekezo kufikia mwisho wa 2023. Mwaka ukaisha, pendekezo halikuletwa.

Kwa hiyo mimi sasa nikipewa rasimu naanza kusoma kutoka nyuma, kwenye ukaguzi na adhabu. Nani anakagua? Analipwa na nani? Anaruhusiwa kuingia bila kupiga simu? Faini inazidi faida ya kubana kuku kwa msimu mmoja, au mfugaji ataihesabu kama gharama ya kawaida?

Kwenye rasimu ya wiki iliyopita, kifungu cha ukaguzi kilikuwa na mstari mmoja: “Afisa anaweza kukagua shamba.” Tumeomba “anaweza kukagua” iondolewe na mahali pake paandikwe “atakagua, walau mara moja kwa mwaka, bila kutoa taarifa”. Yule bwana mwenye faili aliyaandika maneno hayo pembeni ya ukurasa na kuyapigia mstari. Tunarudi kikaoni Alhamisi.