Bakteria rafiki wa tumbo: uliza jina la tatu

Wiki iliyopita mama mmoja wa Wete alinitolea kichupa cha probayotiki mkobani, zawadi ya dada yake anayeishi Maskati. Vidonge thelathini, na ubavuni pameandikwa kwa herufi kubwa: bakteria bilioni kumi. "Mtoto anaharisha tangu juzi, nimpe?" Tukakigeuza kichupa huku na huku kutafuta ni bakteria gani. Tuliona neno moja tu, Lactobacillus, basi. Maswali yake, na ya kina mama wengine waliokuwa wamekaa kwenye benchi, ndiyo haya.

Probayotiki ni kitu gani?

Wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001 walieleza hivi: ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya afya. Shika neno "hai". Wengi wao ni bakteria wa jamii ya Lactobacillus na Bifidobacterium. Mmoja, Saccharomyces boulardii, si bakteria, ni ndugu wa hamira.

Mbona umekazania jina?

Nenda sokoni Chake Chake ukaite "Khamis!" Watageuka wanaume kumi. Ukiita "Khamis Juma" watabaki watatu. Mpaka utaje na jina la babu ndipo atakuja unayemtaka. Bakteria nao wako vivyo hivyo. Katika Lactobacillus rhamnosus GG, la kwanza ni la jamii, la pili ni la aina, na hilo GG ndilo linalotaja nasaba yenyewe. Herufi hizo ni za Gorbach na Goldin, watafiti wa Marekani walioipata nasaba hiyo miaka ya 1980. (Tangu 2020 jina la kwanza limebadilishwa kuwa Lacticaseibacillus, kwa hiyo usishtuke ukikuta chupa mbili zimeandikwa tofauti. GG ni ile ile.)

Utafiti hufanywa juu ya nasaba, na faida ya nasaba moja hairithiwi na binamu zake. Mtazame Escherichia coli. Nasaba yake iitwayo O157:H7 humharisha mtu damu na inaweza kuharibu figo. Nyingine, Nissle 1917, daktari Mjerumani Alfred Nissle aliipata kwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza ambaye hakuugua tumbo wenzake walipougua, na hadi leo inatumika kama dawa. Majina mawili ya mwanzo ni yale yale.

Sasa zinasaidia nini?

Penye ushahidi mzuri ni kuharisha kunakoletwa na antibayotiki. Dawa hizo huua vijidudu vibaya pamoja na wema, tumbo likavurugika. GG na S. boulardii ndizo zilizojaribiwa sana hapa. Zinagombea nafasi na chakula na vijidudu vibaya, na zinausaidia ukuta wa utumbo. S. boulardii ina jambo la ziada: kwa kuwa si bakteria, antibayotiki haiiui.

Kwa mtoto anayeharisha ghafla, kama yule wa Wete, matumaini yamepungua. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa, moja Marekani kwa GG na jingine Kanada kwa nasaba nyingine, hayakuona tofauti kati ya watoto waliopewa probayotiki na waliopewa kitu cha kufanana nayo kisicho na dawa ndani. Nilimwambia mama: anza na ORS (maji ya chumvi na sukari ya pakiti), mnyonyeshe kila anapotaka, na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14 (chini ya miezi sita ni miligramu 10). Akiwa na damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, usingoje asubuhi, mlete hospitali.

Mtindi wetu je?

Naupenda na nausifu. Bakteria wa kimea cha mtindi humsaidia mtu ambaye maziwa matamu humjaza tumbo gesi, kwa sababu wao huivunja sukari ya maziwa. Chemsha maziwa kwanza, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie, tia kijiko cha mtindi wa jana, funika na kawa, ngoja mpaka asubuhi. Maziwa mabichi ya kuganda yenyewe siyashauri, yanaweza kubeba homa ya kutupa mimba ya ng'ombe au kifua kikuu. Ila mtindi wa nyumbani hatujui nasaba zake, kwa hiyo ule kama chakula, usiupe kazi ya dawa.

Mkate wa kumimina na chila zimeumuliwa kwa hamira, kweli, lakini moto umeshaiua.

Kama haisaidii, si haidhuru?

Wapemba tuna sababu ya kulijibu swali hili kwa uangalifu. Utafiti uliofanyika kisiwani kwetu uliwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki, kitu ambacho kila mtu alikiona kizuri tu. Ilibidi sehemu hiyo isimamishwe Agosti 2003, kwani waliopewa waliugua sana na kulazwa zaidi kuliko wenzao. Malaria wakati huo ilikuwa nyingi.

Probayotiki kwa mtu mzima mwenye afya huleta gesi kidogo, basi. Ila mtoto njiti, mwenye kinga dhaifu, anayetibiwa saratani au mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa, hao vijidudu hai vinaweza kuwaingia kwenye damu. Wasipewe bila daktari.

Kichupa kimekaa juu ya friji tangu Ramadhani, bado kinafaa?

Juu ya friji pana joto, na hewa yetu ina unyevu. Bilioni kumi zilihesabiwa zikiwa hai. Kama karatasi imesema kitunzwe kwenye baridi na hakikutunzwa, usikitegemee.